Annonciata na Njia Sita za Kujua

Annonciata alikuwa amekaa mjane miaka kumi na minne kabla mtu yeyote hajamuuliza alijuaje kwamba mumewe amekufa. Aliyemuuliza alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, macho yake yamekwisha karibu yote, anayeishi peke yake kwenye nyumba kubwa ya matofali mekundu kule Moseley, mjini Birmingham. Hakukusudia ubaya. Alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba.

Annonciata mwenyewe kwao ni bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo. Alifika Birmingham mwaka 2015 kutoka kambi moja ya Burundi, yeye na binti yake Sagesse aliyekuwa hajatimiza miaka sita, wakapewa nyumba ya halmashauri Bordesley Green, jirani sana na hospitali. Wiki za mwanzo kila king'ora cha ambulensi kilipolia alimvuta mtoto chini ya meza. Baadaye akazoea. Alisafisha ofisi, akaosha vyombo vya hoteli, mwishowe akapata kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Asubuhi anavaa sare ya bluu, anapanda mabasi mawili, anawaogesha, anawavisha, anawapa dawa na chai, anaandika kwenye simu ya kazi kwamba amemaliza, anakwenda kwa mwingine.

Kwa Mzee Paresh alitumwa bila kuambiwa lolote zaidi ya anwani na namba ya kufungulia kisanduku cha ufunguo. Siku ya kwanza alikuwa amepiga magoti akitafuta soksi ya pili, akijisemea kwa sauti ya chini, "Sasa hii nyingine imeenda wapi?"

"Angalia nyuma ya kiti, mama," mzee akasema kwa Kiswahili.

Annonciata aliruka kama aliyeguswa na umeme. Hakuwa amemwambia ametoka wapi, wala hakutegemea Kiswahili kutoka kwa mzee wa aina ile. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alizaliwa Kisumu, baba yake akiwa na duka la vitambaa, akaja Uingereza kijana wa miaka ishirini. Alikuwa sonara mtaa wa Hockley kwa miaka thelathini na moja, kazi yake kupachika vito kwenye pete, na alipostaafu alijitumbukiza katika kusoma falsafa za kale za India, jambo ambalo baba yake hakumpa nafasi ya kulifanya. Macho yalipoanza kufa alikuwa ameshajaza madaftari kumi na moja. Sasa hakuweza kuyasoma. Maktaba ya mtaa ilimwomba azungumze mwezi wa tatu, naye akawa anaitunga hotuba yake kichwani na kumjaribia Annonciata, kwa Kiswahili, wakati yeye akimkorogea uji.

"Nyinyi Wahindi muko na miungu mingi sana," Annonciata alimwambia asubuhi moja. Kwenye rafu ya chumba cha mzee palikuwa na taa ndogo ya samli na picha tatu zenye mashada, na yeye, mwimbaji wa kwaya tangu utotoni, alikuwa akizipangusa vumbi huku ameyaepusha macho.

"Mingi, ndiyo. Na wengine wetu hatukuwa na hata mmoja."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Iko mikondo sita inayokubali vitabu vyetu vya kale, Veda. Nyaya ni watu wa hoja, wanataka kujua jambo limethibitishwa vipi. Vaisheshika wanaigawanya dunia mpaka wafike kwenye chembe isiyogawanyika tena. Sankhya wanasema mambo ni mawili tu, nafsi inayotazama na maumbile yanayotendeka. Yoga wanachukua hayo ya Sankhya, wanaongeza mazoezi ya kutuliza akili. Si kujinyoosha kwenye mkeka kama majirani zangu hapa. Mimamsa wanashika ibada, neno kwa neno. Vedanta wanatafuta ile kweli moja iliyo nyuma ya vyote. Halafu nje ya hao sita, wasioikubali Veda, kuna Wabudha, Wajaini, na Charvaka."

"Na hao ba mwisho banasema nini?"

"Charvaka? Wanasema ukifa umekwisha. Hakuna mbingu, hakuna roho inayobaki. Amini unachokiona tu."

Mkono wa Annonciata ulibaki hewani na kijiko. Alidhani maneno ya namna hiyo ni ya Wazungu wa siku hizi, ya watu wasiojua njaa.

"Wamesema lini?"

"Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita."

"Basi hao ba ibada, ba Mimamsa, ndio banamuogopa Mungu muumba."

"Wapi," mzee akasema. "Mimamsa wa kale hawakuwa na muumba. Veda ipo tangu milele, ibada ni wajibu, inafanya kazi yenyewe. Muumba wa nini?"

Annonciata akakaa kitandani kwa mzee, jambo ambalo masharti ya kazi yanalikataza. Mtu anaamka alfajiri, anaoga, anawasha moto wa sadaka, hakosei hata silabi moja, na juu hakuna aliyeumba kitu. Hilo lilimtisha kuliko Charvaka. Kwenye basi alipitiliza vituo viwili. Lakini kesho yake alirudi na maswali, na keshokutwa yake pia, na ikawa desturi yao.

Mwezi wa pili wakafika kwenye sehemu ambayo mzee aliipenda kuliko zote, njia za kujua. Alisema mikondo hii iligombana karne nyingi kuhusu jambo moja, kwamba mtu akisema "najua," amejua kwa njia gani? Charvaka wanakubali njia moja, kuona na kusikia wewe mwenyewe. Vaisheshika na Wabudha wanaongeza kukisia kwa ishara: unaona moshi mlimani, unajua kuna moto. Sankhya na Yoga wanaongeza ya tatu, neno la mtu wa kuaminika. Nyaya wanaweka ya nne, kufananisha. Na baadhi ya Mimamsa na Vedanta wanaongeza ya tano, kudhania jambo ambalo bila hilo mengine hayaelezeki, wakafikisha sita.

"Sasa tufanye zoezi," mzee akasema. "Nitawafanyia hivi wale wa maktaba. Chagua jambo moja unalolijua kwa hakika, lakini hukuliona kwa macho."

Annonciata alikuwa akimfunga vifungo vya shati. Alijibu bila kufikiri. "Bwana yangu alikufa."

"Umejuaje?"

Mikono ikasimama. Mzee alitambua haraka. "Samahani, Mama Sagesse. Samahani sana. Hilo si la zoezi. Chagua lingine."

"Hapana," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa ukavu. "Ni ile ya tatu. Neno la mutu wa kuaminika. Tulishambuliwa, Israël alikuwa amebeba mihogo kwa baiskeli kwenda sokoni. Jirani yetu alikuja kuniambia amekufa, amemuzika. Ndipo tukavuka muto."

Mzee angeweza kuachia pale. Lakini alikuwa mtu wa miaka mingi ya kuchunguza vito kwa kioo cha kukuzia, na mazoea ni kitu kibaya. "Nyaya wana masharti kwa mtu huyo," alisema polepole. "Awe amelijua jambo mwenyewe. Na awe anataka kulisema kama lilivyo, bila nia nyingine. Jirani huyo, alikuwa na nia nyingine?"

"Ni Papa Athanase," Annonciata alijibu, kana kwamba jina lilitosha. "Ni muzee wa kanisa letu, hapa hapa Birmingham."

Alimaliza vifungo, akampa dawa, akaandika kwenye simu, akaondoka. Njiani akagundua kwamba hajawahi kumuuliza Athanase kaburi liko wapi. Hajawahi kumuuliza Israël alikuwa amevaa nini. Miaka kumi na minne walikula meza moja kwenye harusi na misiba, kambini na hapa, na hakumuuliza hata swali moja. Alijieleza kwamba ni kwa sababu ya uchungu. Siku hiyo hakuwa na hakika tena.

Kanisa lao hukodi ukumbi Hockley, ghorofa ya juu ya karakana ya kung'arisha vyuma. Jumapili, watu walipokuwa wakikunja viti, Annonciata alimfuata Athanase kwenye chumba kidogo wanakohifadhi vyombo vya muziki. Athanase ni mtu wa miaka sitini na saba, mrefu, mwenye suti moja ya kijivu inayopigwa pasi kila Jumamosi. Yeye ndiye aliyembeba Sagesse mgongoni usiku ule wa kuvuka, maji yakiwafika kifuani.

"Papa Athanase, nataka kujua pahali ulimuzika Israël."

Athanase alikuwa ameshika waya wa spika, anauviringa. Akaendelea kuuviringa mpaka ukaisha, kisha akakaa juu ya sanduku la ngoma.

"Kwa nini leo?"

"Nimeuliza tu."

Sauti za watoto zikasikika nje kwenye ngazi.

"Mama Sagesse, sikumuzika."

Annonciata hakuelewa. "Nani basi alimuzika?"

"Sijui. Sikumuona. Niliona baiskeli yake barabarani, na mihogo imemwagika, na damu. Nilitafuta kwenye majani, nikaita, hakuna mutu. Risasi zilikuwa zinakaribia. Nikarudi kwako, nikakukuta umekaa mbele ya mulango na mutoto, unasema hautatoka bila bwana yako. Nilikubembeleza. Binamu yako alikubembeleza, akachoka, akaenda. Hata ningekuvuta kwa nguvu usingekuja. Nikasema nimemuzika." Alifuta uso kwa kiganja. "Ukasimama, ukatembea."

Annonciata alijiona amesimama pale akimtazama mzee wa kanisa, na masikio yake yakijaa mlio kama wa jokofu. Alisubiri hasira ije. Haikuja. Kilichokuja ni baridi, kuanzia kwenye vidole.

"Na kule kambini?"

"Nilitaka kusema. Kila wiki nilitaka. Lakini ulishanyoa kichwa, ulishalia, batu bamekuja kukupa pole. Halafu wakaja wale ba fomu za wakimbizi, ukaandikwa mujane, na kwa sababu ya ile mukaletwa Ulaya. Nikafikiri, nikisema sasa, nitawaharibia."

Annonciata alishuka ngazi, akapita kwenye karakana zilizofungwa, akatembea kwa miguu kutoka Hockley, katikati ya jiji, akapita watu wanaokula barabarani na vijana wanaopiga picha, mpaka Bordesley Green. Ilimchukua karibu saa mbili. Sagesse alipofungua mlango aliuliza koti lake liko wapi. Alikuwa amelisahau kanisani, katika baridi ya mwezi wa pili, na hakuwa amehisi chochote.

Jumatatu alimwendea Mzee Paresh kama kawaida. Alimvalisha shati kabla ya kumwogesha, ikabidi amvue tena. Mzee akamwuliza kuna nini, akamweleza yote kwa sentensi chache, amesimama, mgongo kwenye ukuta.

Rangi ilimtoka mzee usoni. "Nilikuwa natafuta mfano," akasema hatimaye. "Mimi mzee mjinga nilikuwa natafuta mfano wa hotuba."

"Usiseme hivyo, muzee."

"Nasema. Nimesoma haya miaka ishirini na sijawahi kufikiri yanaweza kumpata mtu." Alitafuta mkono wake hewani, akaupata. Wakakaa hivyo. Chai ikapoa. Kisha Annonciata akauliza, kwa sababu asubuhi nyingi zilikuwa zimemzoeza kuuliza, "Hukuniambia ile njia ya sita."

Mzee alisita. "Ni kujua kwa kukosa. Unatazama meza, sufuria haipo, unajua haipo. Bhatta, tawi moja la Mimamsa, wanasema hiyo nayo ni njia ya kujua, peke yake." Akafikiri. "Lakini wana sharti. Lazima iwe kwamba sufuria ingekuwepo, ungeiona. Kama hukutazama mahali kitu kilipo, kutokukiona si ushahidi wa lolote."

Annonciata hakulala vizuri wiki hiyo. Alikuwa ametazama wapi? Kambi moja, nchi moja, kisha akaacha kutazama.

Shirika moja katikati ya jiji hutafuta watu waliopotezana kwa vita. Aliyempokea ni dada wa Kisomali kutoka Garissa, anaitwa Nurto, anayezungumza Kiswahili cha Kenya kwa kasi na huandika kwa kasi zaidi. Annonciata alitoa jina la Israël, jina la baba yake, kijiji, kovu la panga kwenye kidole gumba. Nurto hakumpa matumaini. "Inaweza kuchukua mwaka, mama. Na inaweza isilete kitu." Kwa Sagesse hakusema neno. Kwa kanisa pia hakusema, ila Athanase mwenyewe alijiuzulu uzee wa kanisa mwezi ule bila kutoa sababu, na watu wakadhani ni afya. Annonciata akaacha kwaya. Wawili hao wakawa wanaketi pande mbili za ukumbi.

Hotuba ya maktaba ilifanyika. Mzee Paresh hakuuliza mtu yeyote achague jambo analolijua.

Mwezi wa tisa Nurto alipiga simu, akamtaka aje ofisini, na kwa namna alivyosema "njoo na mtu" Annonciata akajua kuna kitu. Alimchukua Sagesse kutoka shuleni. Ndani ya basi akamweleza, kwa mara ya kwanza, kwamba baba yake huenda hakufa siku aliyoambiwa. Sagesse alikuwa na miaka kumi na mitano. Alitoa vipokea sauti masikioni, akamtazama mama yake kama mtu mgeni aliyekaa kiti cha pembeni, na hakuvirudisha.

"Mama, kaa kwanza," Nurto alisema. "Tumempata. Aliandikishwa kambi ya Kigoma, Tanzania, mwaka 2011."

2011. Mwaka huo Annonciata alikuwa Burundi, amevaa nguo nyeusi. Ziwa moja tu lilikuwa kati yao.

"Alijeruhiwa bega, akakimbilia kusini, akavuka ziwa na wavuvi. Aliishi hapo miaka minane." Nurto akashusha pumzi. "Alifariki mwezi wa nne 2019. Figo. Pole sana, mama. Pole, Sagesse."

Sagesse alitoa sauti ndogo. Annonciata alikuwa amefiwa na mtu yule yule mara ya pili, na hakujua mtu hufanya nini mara ya pili. Kichwa hakinyolewi tena.

"Kuna kitu kwenye fomu yake," Nurto akaendelea, akigeuza karatasi ili waone. Kwenye nafasi ya mke palikuwa na jina la Annonciata, na kwenye nafasi ya mtoto jina la Sagesse, na mbele ya yote mawili: wamefariki, walizama mto Ruzizi. Mtu fulani, pengine kwa nia njema, pengine kwa kusikia tu, alikuwa amempa Israël neno lake.

Annonciata alisoma mstari ule mara nyingi. Aliona jina lake limeandikwa kwa mwandiko wa karani wa Tanzania, amekufa, wakati yeye amekaa hapa na pochi mapajani.

"Na mwaka 2014 alioa," Nurto alisema kwa upole. "Mke wake anaitwa Rosine. Yuko kambini bado. Amekubali kuzungumza nanyi, kama mnataka."

Walimpigia Jumamosi, kwenye meza ya jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Picha ilikuja vipande vipande: ukuta wa udongo, kitenge cha njano, mwanamke mwembamba aliyewatazama bila kupepesa. Hakusalimia. Alisogeza uso karibu kabisa na simu.

"Ni wewe ule alizama," Rosine akasema.

"Ni mimi."

"Kila mwaka alikuwa anakufanyia maombi. Wewe na mutoto. Ananunua mishumaa miwili." Sauti yake ilitetemeka, na haikujulikana ni kwa huzuni au kwa kuogopa. "Mi nilikuwa ninamwambia, achana na bafu, bale bamekufa, tuishi. Mungu anisamehe."

"Hukujua," Annonciata alisema.

"Hakuna mutu alijua."

Rosine akageuka, akaita mtu nje. Mtoto wa kike wa miaka tisa akaingia kwenye picha, amevaa sare ya shule, mwenye paji la uso la Israël, lile pana, lenye mstari katikati. Sagesse aliweka mkono mdomoni. Alikuwa akiliona paji lile kila siku kwenye kioo na kudhani ni lake peke yake.

"Jina lake nani?" Annonciata akauliza.

Rosine akamvuta mtoto karibu. "Alimuita jina lako. Alisema jina la mufu lisipotee. Ni Annonciata."

Mtoto, kwa kusikia anaitwa, akasema, "Bee."

Annonciata wa Birmingham aliondoka mezani, akasimama kwenye mlango wa nyuma, mikono kwenye fremu, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, kile ambacho hakikutoka ofisini wala Hockley. Nyuma yake alimsikia Sagesse akiendelea kuzungumza na simu kwa Kiswahili kilichokatika katika, akiuliza yuko darasa la ngapi.

Mzee Paresh aliposikia alitaka kusema neno la Wajaini, kwamba kila kauli ina upande wake wa ukweli na upande usiouona. Akaanza, kisha akaacha katikati. "Hapana. Leo sina la kusema," akasema, na Annonciata akamshukuru kwa hilo.

Kuhusu Athanase hakujua la kufanya. Asingedanganya, Sagesse angekufa mbele ya ule mlango. Kwa hilo hakuwa na shaka. Na angesema kweli hata siku moja, miaka minane ile yote, pengine wangeonana tena. Alijaribu kuchagua moja la kushika na akashindwa. Mwezi wa kumi na moja alimtumia ujumbe mfupi: njoo ule kwetu Jumapili.

Alikuja na suti ya kijivu, koti la Annonciata lililosahauliwa kanisani likiwa mkononi, limekunjwa vizuri. Annonciata alimwekea ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki, akamkaribisha, kisha akarudi jikoni kuosha masufuria. Hakuweza kukaa naye meza moja, bado. Sagesse ndiye aliyekaa.

"Babu," Sagesse akasema, "baba alikuwa anacheka namna gani?"

Athanase aliweka kijiko chini. Akaanza kueleza, taratibu, kwa sauti iliyokuwa inatafuta njia. Jikoni, Annonciata alifunga bomba ili asikie.